Wundt wa kwenye notsi na Wundt wa Leipzig

Kwa miaka kumi na minne niliandika ubaoni sentensi ileile: "Wilhelm Wundt, Mjerumani, baba wa saikolojia, mwanzilishi wa nadharia ya umuundo, mbinu yake ni kujichungulia nafsi." Wanachuo wa stashahada ya ualimu waliinakili, wakaikariri, wakaimwaga kwenye karatasi za mtihani, nami nikawapa alama zao. Katika sentensi hiyo jina ni sahihi na utaifa ni sahihi. Ubaba wa saikolojia unaweza kujadiliwa. Mambo mawili ya mwisho si kweli, na mimi nimeyapeleka kwa mamia ya walimu ambao leo wametapakaa mikoani.

Aliyenizindua ni mwanachuo mmoja wa kike, mkimya, aliyependa kukaa safu ya nyuma. Alinifuata ofisini baada ya kipindi, simu mkononi.

"Shikamoo, mkufunzi."

"Marahaba, karibu."

"Samahani mkufunzi. Nimesoma mahali kwamba huyu Wundt aliandika juzuu kumi kuhusu lugha, visasili na mila. Sasa kama kazi yake ilikuwa kumkalisha mtu maabara ajichungulie moyoni, mila za watu alizichunguliaje?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitafuatilia, neno ambalo sisi wakufunzi hulisema tukitumaini mwanachuo atasahau. Yeye hakusahau, na mimi nikaona aibu kusahau. Nimefuatilia kwa karibu miaka miwili, usiku kwa usiku, na haya ninayoyaandika hapa ni deni kwake na kwa wenzake waliomtangulia.

Wundt alizaliwa tarehe 16 Agosti 1832 huko Neckarau, kijiji cha jirani na mji wa Mannheim, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Utotoni alikuwa mtu wa kuzama katika ndoto zake za mchana, darasani yupo lakini hayupo. Mwaka wake wa kwanza katika shule ya sekondari ya Bruchsal ulikwisha kwa kushindwa vibaya, na mwalimu mmoja alimshauri afikirie kazi ya posta. Hapo niliweka kitabu chini kwa muda. Kila mwalimu anayesoma habari hii anaye mtoto wa namna hiyo kichwani mwake, na anakumbuka alimwambia nini.

Alikuja kusomea udaktari wa tiba. Chapisho lake la kwanza, la mwaka 1853, lilihusu chumvi kwenye mkojo, na aliyejinyima chumvi ili mkojo upimwe alikuwa yeye mwenyewe. Tangu 1858 alikuwa msaidizi wa Hermann von Helmholtz, mwanasayansi mashuhuri wa mwili na fizikia, huko Heidelberg. Lakini jaribio linalonieleza Wundt ni nani hasa alilifanya nyumbani, mwaka 1861, kabla hajafikisha miaka 30, kwa kutumia saa ya pendulamu.

Ili ulielewe, rudi nyuma kidogo hadi Greenwich, Uingereza, mwaka 1796. Mkuu wa kituo cha kutazama nyota alimfukuza kazi msaidizi wake, David Kinnebrook, kwa sababu nyakati alizoandika nyota ilipokatiza uzi wa darubini zilitofautiana na za bosi wake kwa karibu sekunde nzima. Kazi yenyewe ilidai jicho lifuate nyota huku sikio likihesabu midundo ya saa. Miaka baadaye wanaastronomia wakagundua kwamba kila mtu ana tofauti yake, hata awe makini vipi. Wao walitaka kuisahihisha tofauti hiyo waendelee na nyota zao. Wundt alitaka kujua inatoka wapi.

Aliifunga saa yake namna ambayo pendulamu ikifika mahali fulani kengele inalia. Kisha akajiuliza: kengele inapolia, naiona pendulamu iko wapi? Kila mara aliiona mahali ambapo haikuwapo. Akili ilikuwa haiwezi kulipokea jicho na sikio kwa pamoja. Ilihitaji kuhama kutoka kimoja kwenda kingine, na safari hiyo ilichukua takriban sehemu ya nane ya sekunde. Mwaka 1862 akaeleza jambo hilo katika gazeti la familia lililosomwa na watu wa kawaida, *Die Gartenlaube*, chini ya kichwa kinachozungumzia kasi ya fikra. Fikra ina mwendo, na mwendo unapimika. Mwanafalsafa Immanuel Kant alikuwa amesema saikolojia haiwezi kuwa sayansi kamili kwa kuwa mambo ya ndani hayapimiki kwa hesabu. Kijana huyu alimjibu kwa saa ya nyumbani.

Mwaka 1875 alipata kiti cha falsafa katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Mwaka 1879, katika chumba kilichokuwa kwenye jengo la bwalo la zamani la chuo, maabara yake ikaanza kutumiwa na wanafunzi kufanya utafiti wao, na mwaka huo ndio vitabu vyote vinautaja kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa saikolojia ya majaribio. Walikuja watu kutoka kila upande: Emil Kraepelin aliyeubadilisha utabibu wa magonjwa ya akili, Vladimir Bekhterev kutoka Urusi, James McKeen Cattell na G. Stanley Hall kutoka Marekani, Charles Spearman kutoka Uingereza, na Cai Yuanpei, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Peking. Tasnifu za udaktari zilizopitia mikononi mwake zinafikia 186.

Sasa tuingie ndani ya chumba hicho, kwa sababu hapa ndipo notsi zangu zilipopotoka. Mle ndani kulikuwa na kronoskopu ya Hipp, saa iliyoweza kusoma sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mtu aliketi, taa ikawaka, akabonyeza kitufe. Kisha akaambiwa: safari hii usibonyeze mpaka uitambue rangi. Kisha: nyekundu mkono wa kulia, kijani mkono wa kushoto. Toa muda wa kwanza kwenye muda wa pili, toa wa pili kwenye wa tatu, utapata makadirio ya muda ambao akili inatumia kutambua, na ambao inatumia kuchagua. Wazo la kutoa lilitoka kwa Donders wa Uholanzi, na Leipzig ikalifanyia kazi mwaka baada ya mwaka. Mtu aliyepimwa alisema "sasa", au "huu mzito zaidi", au "sauti hii ni kubwa kuliko ile". Basi. Hakuna aliyeombwa asimulie yaliyomo moyoni mwake.

Mwanahistoria Kurt Danziger alipitia juzuu 20 za jarida la Wundt, *Philosophische Studien*, la kati ya 1883 na 1903. Kati ya majaribio karibu 180 yaliyochapishwa humo, alikuta manne tu yaliyotegemea masimulizi ya mtu kuhusu hali yake ya ndani. Manne! Na mimi nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba hiyo ndiyo mbinu yake.

Kibaya zaidi, Wundt aliipinga waziwazi mbinu tuliyombandika. Aliona tofauti kati ya kutambua jambo linalopita akilini papo hapo, chini ya masharti yanayoweza kurudiwa, na ile tabia ya kukaa kitako kujitazama nafsi na kuhadithia. Ya pili hakuiamini hata kidogo. Mwaka 1907, watafiti wa Würzburg, wakiongozwa na mwanafunzi wake wa zamani Oswald Külpe, walipokuwa wakiwauliza watu walifikiri nini walipokuwa wakitatua maswali, Wundt aliandika makala kali kusema hayo si majaribio bali ni kuhojiana tu.

Basi yule Wundt wa notsi alitoka wapi? Alitoka Cornell, Marekani. Edward Titchener alikuwa Mwingereza aliyesoma Oxford, akapata udaktari wake Leipzig mwaka 1892, na mwaka huohuo akavuka bahari kwenda Cornell, alikofundisha hadi kufa kwake 1927. Titchener ndiye aliyetaka kuivunja akili vipande vidogo kabisa, hisi moja moja, na ndiye aliyewafundisha wanafunzi kujichungulia kwa saa nyingi na kutoa ripoti ndefu. Jina "saikolojia ya muundo", ule umuundo wa kwenye notsi zangu, alilipigia debe yeye, katika makala ya 1898. Alitafsiri sehemu ya kazi za Wundt kwa Kiingereza, akachagua cha kutafsiri, na wasomaji wa Kiingereza wakamwona mwalimu kupitia kwa mwanafunzi. Kisha mwanafunzi wa Titchener, Edwin Boring, akaandika mwaka 1929 historia ya saikolojia ya majaribio iliyotawala vyuo kwa miongo mingi. Aliitabaruku kwa Titchener. Wundt aliyemo humo ni mzee mwenye bidii ya kutisha na roho ya karani: Boring alihesabu kurasa zake 53,735 na kupiga hesabu kwamba ni sawa na neno moja kila dakika mbili, usiku na mchana, kwa miaka 68. Hesabu hiyo inanukuliwa kila mahali. Kilichomo kwenye kurasa hizo ndicho wachache walichokitafuta.

Simlaumu sana Titchener. Alikuwa na saikolojia yake, akaiamini, na kila mtu huvuta jina la mwalimu wake kwenye mkeka wake. Hall ndiye aliyenikera. Mwaka 1912, huku Wundt akiwa hai na akiandika kila siku, Hall alichapisha kitabu chenye wasifu wa Wundt, akidai miongoni mwa mengine kwamba Helmholtz alimwacha Wundt kwa sababu hesabu zilimshinda. Wundt alipousoma alitangaza hadharani kwamba wasifu huo ni wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Haikusaidia. Kisa cha hesabu kiliendelea kutembea kwa sababu ni kitamu, na kukanusha hakuna utamu.

Nami ni sehemu ya mnyororo huo. Kutoka Boring kwenda kwenye vitabu vya kiada vya Marekani, kutoka huko kwenda kwenye vitabu vya bei nafuu vilivyofika maktaba zetu, kutoka humo kwenda kwenye notsi za mkufunzi wangu, kutoka kwake kuja kwangu, kutoka kwangu kwenda kwenye madesa yanayouzwa steshenari ya nje ya geti. Hakuna hata mmoja katika mstari wetu aliyekuwa amefungua ukurasa wa Wundt mwenyewe.

Nilipoufungua, nilikuta mtu tofauti. Saikolojia yake aliiita kwa jina la utashi. Kwake akili ni tendo: inavuta jambo katikati, inaliacha jingine pembeni, inachagua. Na vinapoungana vitu viwili akilini, kinachozaliwa kina sifa ambazo hazikuwamo katika kimoja wala kingine. Aliuita mchanganyiko wa kuumba. Alionyesha hivyo kwa metronomu, kile kidude cha wanamuziki kinachogonga kwa mapigo yaliyo sawa kabisa. Sikiliza kwa muda, utaanza kusikia zito-jepesi, zito-jepesi, ingawa mapigo hayana tofauti yoyote. Nimelifanya hili darasani kwa kugonga meza na kalamu. Wanachuo sitini walisikia mdundo, na waliposhindwa kukubaliana pigo zito ni lipi, wakaanza kucheka kwa mshangao wa kweli. Hakuna kipande kidogo cha akili unachoweza kukiokota mezani ukasema mdundo ulikuwa humu.

Juu ya hisia pia alikuwa na macho. Mwaka 1896 alipendekeza kwamba hisia husafiri katika njia tatu: kati ya raha na karaha, kati ya mshtuko na utulivu, kati ya mkazo na kulegea. Watafiti wa karne ya 20, wakitumia takwimu na vyombo ambavyo yeye hakuvijua, walirudi mara kwa mara kwenye ramani inayofanana na hiyo.

Halafu kuna zile juzuu kumi alizoniuliza mwanachuo wangu. *Völkerpsychologie* ilitoka kati ya 1900 na 1920. Wundt aliamini maabara ina mpaka: inaweza kupima hisi, umakini, kasi ya kuchagua, lakini fikra za juu hazikai katika mtu mmoja. Hakuna mtu mmoja aliyetunga lugha. Hakuna mtu mmoja aliyeanzisha mila ya kuzika. Kwa hiyo saikolojia ina miguu miwili, na mguu wa pili ni kusoma lugha, visasili na desturi. Sehemu kubwa ya mguu huu haikutafsiriwa kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo kwetu sisi haukuwapo.

Juzuu la kwanza ni la lugha, na humo nilikaa sana. Wundt anasema sentensi haiundwi kwa kupanga neno baada ya neno kama shanga. Inaanza kama wazo zima, kisha akili inaligawa. Alichora hata michoro ya matawi kuonyesha mgawanyo huo, zaidi ya nusu karne kabla ya wanaisimu kuifanya michoro ya namna hiyo kuwa ya kawaida. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa. Tamka "hatutawapikia": nani, lini, nani anapikiwa, na kwamba hakutapikwa, vyote vimo katika neno moja, na ile "ha" ya mwanzo inakuonyesha kwamba msemaji alishajua mwisho kabla hajafungua mdomo. Au sema "vile vikombe vyangu viwili vizuri vimevunjika." Kikombe kinaongoza kila neno hadi nukta ya mwisho. Nilifundisha Wundt kwa Kiswahili miaka yote hiyo, na ushahidi wa hoja yake nzuri kuliko zote ulikuwa ukitoka kinywani mwangu.

Na kuna jambo lililonipata nikiwa mezani kwa mama mkwe wangu, Old Moshi. Nilikuwa nikieleza habari za Leipzig, akanikatiza. "Leipzig? Si ndiko alikotoka Gutmann, baba?" Nilimjua Bruno Gutmann kwa jina, kama kila mtu aliyeoa upande ule. Alikuwa mmisionari wa Misheni ya Leipzig, iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893. Yeye alifika 1902 na kufanya kazi zaidi Kidia, hukohuko Old Moshi. Nilipofuatilia niligundua kwamba mawazo ya Wundt yalimwathiri sana, na kwamba kitabu chake kikubwa kuhusu sheria za Wachagga, cha 1926, kilitoka katika mfululizo ulioongozwa na Felix Krueger, mtu aliyekirithi kiti cha Wundt Leipzig mwaka 1917. Ndivyo yalivyochapishwa pia mafundisho waliyopewa vijana wa Kichagga, juzuu tatu, kati ya 1932 na 1938. Maneno ya wazee wa mlimani yaliingia kwenye rafu za saikolojia ya Leipzig kama sehemu ya ule mguu wa pili. Sisi tuliokuwa bonde la chini yake tulikuwa tukifundisha kwamba mguu huo haupo.

Sitaki kumsafisha kupita kiasi. Katika muhtasari wake wa 1912 aliwapanga wanadamu kwa ngazi: mtu wa asili, kisha zama za totemu (mnyama au mmea ambao ukoo unauheshimu kama ndugu yao), kisha mashujaa na miungu, kisha ubinadamu kamili. Watu wa msituni Kongo na Wasani aliwaweka ngazi ya chini kabisa, akitegemea ripoti za wasafiri na wamisionari, yeye mwenyewe bila kukanyaga huko. Ni kweli aliandika kwamba ndani ya mazingira yao akili zao hazipungukiwi na za Mzungu, na kwa wakati ule haikuwa kauli ndogo. Lakini ngazi ni ngazi, na aliyeichora alijipa ya juu. Ninaisoma sehemu hiyo kama mjukuu wa watu waliopangwa, na inaniuma.

Tena, Oktoba 1914 jina lake lilikuwamo kati ya wasomi 93 wa Ujerumani waliotia saini tamko la kuitetea nchi yao na kukana maovu ya jeshi lake Ubelgiji. Alikuwa na miaka 82. Mwezi uliofuata vita hiyohiyo ililipuka Tanga, na wapagazi wa Kiafrika wakaanza kufa kwa maelfu chini ya mizigo ya pande zote mbili. Saini ile ilimgharimu jina katika nchi za Kiingereza, na sioni kuwa ilikuwa gharama ya kuonewa. Kosa ni kwamba ghadhabu hiyo ilitumika pia kuzifunika hoja ambazo hazikuhusiana na vita.

Miaka yake ya mwisho macho yalififia, na binti yake Eleonore akawa msomaji na msaidizi wake. Mwaka 1913 alikuwa ameonya kwamba saikolojia ikijitenga na falsafa itabaki ufundi mtupu. Huyu ndiye tunayemsifu kwa kuitenga. Alikamilisha wasifu wake mwaka 1920 na kufariki tarehe 31 Agosti mwaka huo, Grossbothen, karibu na Leipzig. Vitabu vyake vingi vilinunuliwa na Wajapani, na hadi leo viko Chuo Kikuu cha Tohoku, Sendai. Jengo la taasisi yake lilianguka kwa mabomu Desemba 1943. Kuanzia miaka ya 1970, Arthur Blumenthal, na Danziger niliyemtaja, walianza kumsoma upya kwa Kijerumani chake, na ndiyo maana mwanachuo wangu aliweza kukutana naye kwenye simu.

Nimeandika notsi mpya, kurasa tisa, na nimezipeleka steshenari ileile ya nje ya geti ili ziwekwe badala ya za zamani. Mwenye duka aliniambia za zamani bado zinanunuliwa zaidi, kwa kuwa ni fupi.

Yule mwanachuo sasa anafundisha wilayani. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: kwenye jaribio la idara kule aliko kumeulizwa "Taja mbinu aliyoitumia Wundt", na mwongozo wa kusahihishia unataka "kujichungulia nafsi". Kijana mmoja ameandika "kupima muda wa akili kwa saa, na kusoma lugha na mila za watu". Ananiuliza ampe ngapi. Nimemjibu ampe zote, na mwongozo huo nimeomba anitumie jina la aliyeutunga, nimpigie simu, kwa sababu inawezekana kabisa nilimfundisha mimi.